Panya Wanaopanga Vitofali

Wanafunzi wake walimwita Breki. Alikuwa mwalimu wa udereva, na gari la shule lilikuwa na pedali ya pili ya breki upande wake, ambayo aliikanyaga mara nyingi mpaka mguu wake wa kulia ukanenepa kuliko wa kushoto. Mkewe ndiye aliyeligundua hilo. Alikuwa mkunga, mtu aliyezoea kutazama miili ya watu bila kupepesa macho. Alichukua utepe wa kupimia vichwa vya watoto wachanga, akaipima miguu yote miwili, kisha akacheka mpaka akakaa chini.

"Baba watoto," alisema, "wewe sasa ni gari lililopinda chasisi."

Ukikaa miaka nenda miaka rudi kando ya watu ambao hawana nia ya kukuua lakini wanajaribu kila asubuhi, damu lazima ipande. Ya Breki ilipanda. Daktari akamwambia atafute jambo la kumtuliza. Akajaribu matembezi ya jioni. Majirani wakaja kumwambia mkewe kwamba mumewe anasimama kwenye makutano na kuwafokea madereva wasiowasha indiketa. Akajaribu kupanda maua. Akayapanga kwa foleni na kuyanunia yaliyochomoza nje ya mstari. Ndipo jirani mmoja aliyekuwa anahama akawaachia ndoo ya vitofali vya plastiki, vile vya watoto kuchezea, vyenye vitone juu na matundu chini, vinavyong'ang'aniana ukivibonyeza.

Watoto wa nyumba hiyo walikuwa wamekwisha kuwa watu wazima wenye kwao. Ndoo ilikaa sebuleni, kila mtu akiiruka. Jumapili moja mvua ilinyesha kutwa, na Breki kwa kukosa la kufanya akajenga kibanda cha askari wa barabarani. Alipokimaliza aliona kibanda bila barabara ni upuuzi, akajenga barabara. Barabara nayo ikadai makutano. Mkewe aliporudi kutoka zamu alimkuta kapiga magoti sakafuni, ncha ya ulimi nje, na alipompima, damu imeshuka.

"Endelea hapo hapo," mkunga alisema. "Ila usisukume mpaka nikwambie."

Basi chumba cha watoto kikageuka mji. Ulikuwa mji wa ajabu, kwa sababu madereva wake wote walikuwa na adabu. Hakuna aliyepita mwenzake kwenye kona. Malori yaliegeshwa sambamba na ukingo kana kwamba yamepimwa kwa rula, na hata mbwa wa plastiki alisubiri penye kivuko cha watembea kwa miguu. Breki akitoka kazini amepauka uso, aliingia humo akajifungia, akatoka amekuwa mtu tena.

Tatizo la vitofali si kuvipata. Wazazi waliochoka kuvikanyaga gizani wako kila mtaa, na wengi wanakushukuru ukivichukua. Tatizo ni mahali pa kuviweka, na namna. Breki aliviweka kwenye ndoo, ndoo ikajaa. Akahamia kwenye mabeseni, mkewe akayataka mabeseni yake. Akakusanya makopo ya majarini mpaka chumba kikanuka kama duka la mikate. Mwishowe mfamasia mmoja aliyekuwa anafunga duka akampa kabati lake la zamani, la mbao nzito, lenye droo ndogo ndogo kuanzia juu hadi chini. Ilibidi wang'oe mlango wa chumba ili liingie, na lilipoingia Breki alilipapasa kama mtu anayepapasa shingo ya farasi.

Kabati lile lilikuwa na kasoro moja. Kwenye kila droo mfamasia aliandika kwa rangi ya mafuta, herufi kubwa nyeupe, jina la ugonjwa ambao dawa yake ilikaa humo. Breki alijaribu kuzisugua, varnishi ikaanza kutoka pamoja nazo, akaacha. Akaamua kuzoea. Madirisha akayaweka kwenye Kuhara. Mabomba membamba yanayopindika aliyaweka kwenye Minyoo, na hapo alijiona ana akili. Vile vitone vidogo kabisa vya duara akavitia kwenye Upele, magurudumu kwenye Kikohozi, vipande vya mteremko vya kuezekea kwenye Kiungulia. Baada ya muda hakuona tena herufi. Ukimwuliza milango iko wapi, alikujibu "Mafua" bila hata kugeuka.

Na alikuwa na sheria moja tu: vitofali hupangwa kwa umbo, kamwe si kwa rangi. Kila mgeni aliyeingia chumbani aliisikia, atake asitake. "Tia kitofali chekundu kidogo katikati ya rundo la vyekundu," Breki alikuwa akisema, "halafu kitafute. Utatafuta mpaka kesho, maana vyote vinakutazama kwa uso mmoja. Lakini kitie kwenye droo ya wenzake wa umbo moja, wa rangi zote, kitakupigia kelele chenyewe: mimi hapa!" Wageni waliitikia kwa kichwa na kuulizia choo kiko wapi.

Ndivyo mambo yalivyokuwa mama mkwe alipokuja.

Mama huyu aliuza vifungo, nyuzi na zipu kwenye kiduka chembamba karibu na soko kwa muda mrefu hivi kwamba watu walisahau jina lake wakamwita Mama Vifungo. Aliacha biashara pale alipomuuzia fundi cherehani uzi wa kahawia huku akiapa ni wa zambarau. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Sasa amepata nafasi ya kufanyiwa upasuaji katika hospitali ya mjini, na baada ya hapo asiiname, asibebe kizito, akae kwa bintiye atiwe matone mpaka apone. Chumba cha kulaza mgeni kilikuwa kimoja tu, kile cha mji. Mji ukabebwa vipande vipande ukawekwa juu ya meza kubwa ya sebuleni. Kabati halikubebeka. Likabaki miguuni mwa kitanda cha mama mkwe.

Breki alimheshimu mama mkwe wake kama barabara kuu: hakuingia bila kutazama pande zote. Mama akiwa chumbani, yeye hakukanyaga humo. Alisubiri mama aje kukaa sebuleni, ndipo ateremke mbio kwenye droo zake, achukue anachotaka na kutoka. Na kwa kuwa alikuwa katikati ya kujenga kituo kikubwa cha mabasi, alitaka mengi.

Mchana mmoja, siku chache baada ya upasuaji, mama alikuwa ameegemea kiti, macho yamefunikwa bandeji, akisikiliza redio kwa sauti ndogo. Mkunga alikuwa jikoni. Breki alikuwa chumbani, mlango wazi.

"Mama watoto!" aliita. "Kuhara imekwisha kabisa!"

"Afadhali," mkunga alijibu kutoka jikoni. "Na minyoo je?"

"Minyoo imejaa mpaka haifungiki!"

"Na ule upele wa jana?"

"Umemwagika wote sakafuni! Ukipita angalia usije ukaukanyaga."

Mama Vifungo alizima redio.

Hakuuliza kitu. Mkwe mwenye maradhi kama hayo haulizwi mbele za watu. Lakini jioni ile Breki alipoketi kula, mama alimsogezea kikombe. Ndani mlikuwa na mbegu za papai zilizosagwa, vitunguu saumu vilivyopondwa, na kitu kingine cheusi ambacho hakuwahi kukijua mpaka leo.

"Kunywa, mwanangu," mama alisema kwa upole. "Mtu haoni haya kwa mama yake."

Breki alidhani ni dawa ya damu. Akanywa. Macho yakamtoka, akashukuru. Kesho yake akapewa tena, na keshokutwa. Mkunga alielewa siku ya kwanza ile ile. Alielewa vizuri kabisa, kwa sababu ndiye aliyetumwa kuleta mapapai. Alichofanya ni kuingia bafuni, kufungua bomba, na kucheka humo mpaka maji ya tangi yakapungua.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama Vifungo hakungoja kupewa. Siku bandeji zilipotolewa alirudi nyumbani akiwa amesimama wima kama msichana, na alipofika sebuleni akamshika bintiye mkono.

"Hili gauni lako ni la buluu?"

"Ni la buluu tangu nilinunue, Mama."

"Mimi nilidhani ni la rangi ya matope. Nikasema mwanangu ameolewa akaacha kujipenda." Akaenda dirishani. Akatazama ndoo ya jirani iliyoanikwa juu ya ukuta, akatazama geti, akatazama anga. "Kumbe vyote vilikuwepo," alisema, na akaanza kutazama upya kutoka kwenye ndoo.

Asubuhi iliyofuata, Breki na mkewe wakiwa kazini, mama aliamua kuona ni dawa gani hasa anayotumia mkwe wake, maana ile ya mapapai haikuonekana kumfaa. Kabati lilikuwa pale pale, na sasa maandishi aliyaona bila shida. Akavuta Minyoo. Akakuta vijibomba vya plastiki. Akavuta Kuhara, madirisha. Akajua mkwe ametupa dawa zake kwa aibu akaficha michezo humo. Akavuta Homa, Jipu, Kiungulia, na kila droo ilikuwa imejaa rangi: nyekundu juu ya kijani, njano chini ya nyeusi, buluu zimetupwa huku na kule kama watu waliopoteana sokoni. Mwanamke huyu alikuwa amekaa miaka katika dunia ya rangi ya chai. Hakuweza kuvumilia. Akavuta kiti, akamimina droo ya kwanza kitandani, na mikono yake ikakumbuka kazi.

Breki aliporudi, mama alimpokea mlangoni kwa bashasha.

"Nimekupangia vile vitu vyako, mwanangu. Vilikuwa kama jaa."

Aliingia. Akavuta Kikohozi. Badala ya magurudumu akakuta buluu: matofali ya buluu, milango ya buluu, mbawa za ndege za buluu, kofia ya buluu ya mtu ambaye kichwa chake sijui kiliishia wapi. Akavuta Mafua: njano tupu. Mguu wake wa kulia ukakanyaga sakafu kwa nguvu, mara mbili, na hakuna kilichosimama.

"Unaonaje?" mama aliuliza nyuma yake.

"Ma... maridadi, Mama," Breki alisema. "Maridadi sana. Asante."

Hakulala vizuri. Kesho yake alimwacha mwanafunzi wake apite mzunguko mzima akiwa kwenye njia isiyo yake, asiseme neno. Mwanafunzi huyo alikuwa msusi, mama wa makamo aliyekwisha kushindwa mtihani wa udereva mara kadhaa na hakuona sababu ya kusikitika. Alipoona mwalimu hapigi kelele, alisimamisha gari pembeni mwenyewe.

"Mwalimu, kuna msiba?"

Breki akamweleza yote, pamoja na sheria ya umbo. Msusi alisikiliza, akijitazama kwenye kioo.

"Hilo jepesi," alisema. "Mtu mzima akikupangia vitu vyako, unamwambia asante. Umeshasema asante?"

"Nimesema."

"Basi sasa unangoja atoke, unavipanga upya. Akirudi humwambii. Akiuliza, hujui."

Siku ya mama kwenda kliniki, Breki alimpeleka yeye na mkunga hadi mlangoni, akasema gari linagonga anakwenda kulitazama, na akarudi nyumbani mbio. Alipanga upya nusu ya kabati: Kuhara ikapata madirisha yake, Kikohozi magurudumu. Alipokwenda kuwachukua alikuwa anapiga mluzi.

Mama hakusema lolote siku ile. Wala ya pili. Siku ya tatu Breki alirudi kutoka kazini akakuta Kikohozi imejaa buluu.

"Mama," alisema wakati wa kula, akikata mkate taratibu, "nadhani nyumba hii ina panya."

"Wapo," mama alijibu. "Nami nimewasikia. Wanavuta droo."

"Ni panya wa ajabu. Wanapanga vitu."

"Tena yupo mmoja anapanga vizuri, na mwingine anakuja nyuma yake kuvuruga."

"Huyo wa pili huenda ndiye aliyesoma, Mama."

"Kusoma amesoma," mama alisema, akimsogezea kikombe cha mapapai, "ila hana macho. Kunywa."

Mkunga aliinama chini ya meza kuokota kijiko ambacho hakikuwa kimeanguka.

Vita vile viliendelea kwa heshima kubwa. Mama akienda kuoga, Breki alirudisha droo mbili. Breki akienda kazini, mama alirudisha nne. Breki alianza kujitolea kupika mwenyewe, jambo lililomshangaza mkewe, ili tu mama amfuate bintiye barazani na kabati libaki peke yake. Mama naye alianza kusema ana usingizi saa ambazo kuku hawajalala. Wote wawili walinenepa mashavu kwa furaha. Kila asubuhi waliamkiana kwa upole kupita kiasi, shikamoo Mama, marahaba mwanangu, umeamkaje, salama sijui wewe, na kila mmoja akimtazama mwenzake kwenye vidole kuona kama vina vumbi la kabati.

Mambo yalifika mwisho kwa sababu ya shule ya udereva. Mkuu wa shule alipata wazo la kuwaalika watu waje waione shule, akamwomba Breki alete mji wake uwekwe ukumbini, watu wajifunze alama za barabarani wakitembeza magari madogo. Breki alikubali kabla sentensi haijaisha. Sasa alihitaji kumaliza mzunguko mkubwa na barabara nne zinazouingia, na kwa hiyo alihitaji vibao bapa vya kijivu, kwa umbo lake, upesi. Akaomba ruhusa atoke kazini mapema. Mkunga alikuwa zamu ya mchana. Mama aliaga kwamba anakwenda kwa jirani kumwonyesha macho yake mapya.

Breki aliketi sakafuni chumbani, droo ya Jipu mapajani, vijivu vya kila namna vimemzunguka. Akasikia mlio wa kandambili. Mama alikuwa amesimama mlangoni.

Breki aliifunika droo kwa viganja viwili.

"Nimekuja kutega mtego wa panya," Breki alisema.

"Mimi nimekuja kumlisha," mama alisema. Akaketi kitandani, akamtazama juu hadi chini, na uso wake ukawa na huruma. "Mwanangu, sasa tuko wawili tu. Niambie ukweli. Minyoo imepungua?"

"Minyoo ipi, Mama?"

"Usinifiche. Na kuhara. Na huo upele unaomwagika."

Breki aligeuka akalitazama kabati. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu aliziona zile herufi nyeupe, moja moja, kama kwamba aliyefunguliwa bandeji ni yeye. Akainuka, akaonyesha kwa kidole. Hapa madirisha. Hapa mabomba. Hapa vitone. Alipofika kwenye Kiungulia sauti ilikuwa imemkatika kwa kicheko, na mama amejifunika uso kwa ncha ya mtandio, mabega yanaruka.

"Kwa hiyo mbegu zote zile za papai..."

"Nilidhani ni za damu, Mama."

"Na kile cheusi!" mama alisema. "Hata mimi siwezi kukinywa kile!" Kisha akaushusha mtandio. "Binti yangu alijua?"

Walitazamana. Bomba la bafuni, maji yaliyokuwa yakiisha kila siku, kijiko kisichoanguka, yote yakaja kwa pamoja.

"Alijua," walisema wote wawili.

Baada ya hapo haikuwezekana tena kuambiana habari za panya. Breki alitoa sheria yake ya umbo, akaieleza kwa sauti ile ile anayowaelezea wageni, na mama hakuulizia choo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwako wewe inafaa," alisema. "Kwangu mteja alikuja na kitambaa mkononi. Haniambii nataka cha duara chenye matundu manne. Ananiambia nataka cha kufanana na hiki. Ningepanga kwa umbo ningefunga duka mwaka wa kwanza."

"Mteja wangu mimi ni ukuta, Mama. Ukuta hauna habari na rangi mpaka uwe umepata urefu."

"Ukuta sawa. Na barabara?"

"Barabara imefanyaje?"

"Ina viraka."

Breki alitabasamu kama anavyotabasamu kwa mwanafunzi anayesema gari ndilo lenye makosa. Barabara zake zilikuwa fahari yake. Mama hakubishana. Alikwenda sebuleni, akachukua kipande cha barabara kutoka mezani, akakibeba mpaka dirishani penye jua na kumwita. Breki akatazama. Akatazama tena. Vijivu vilikuwa viwili. Kimoja kilikuwa na joto kidogo, kama majivu ya kuni. Kingine kilikuwa baridi, kama bati. Vilitoka kwa wazazi mbalimbali waliochoka, vya zamani na vya karibuni, na yeye chini ya taa ya chumbani alivichanganya miaka yote, na mji wake wenye adabu ulikuwa unapita juu ya barabara kama suruali ya mtu asiye na mke.

"Siku zote ilikuwa hivi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Siku zote. Lakini na mimi juzi juzi tu ningekwambia ni ya kijani."

Jioni hiyo walifanya mapatano wakiwa wamekaa sakafuni na kitandani, kila mmoja na rundo lake. Kabati litapangwa kwa umbo. Hata hivyo vijivu vitatengwa, vya majivu kivyake na vya bati kivyake, na vyeupe vilivyogeuka manjano kwa jua vitolewe katikati ya wenzao. Hayo yote mama ndiye atakayeyaamua, dirishani, mchana. Breki alikubali.

"Na buluu niachie," mama alisema.

"Buluu zipi?"

"Zote."

Alifungua mdomo ili amweleze kwamba haiwezekani, kwamba kituo cha polisi kina paa la buluu, kwamba mabasi yote ya stendi ni ya buluu. Akamwona anavyozishika, kiganja kizima, akizigeuza kwenye mwanga. Akaufunga mdomo.

"Kikohozi ni yako, Mama," alisema. "Chukua na Mafua."

Mkunga aliporudi kutoka zamu alikuta meza imeandaliwa na watu wawili wamekaa kwa utulivu, wakimtazama kwa mapenzi. Mbele ya kiti chake palikuwa na kikombe.

"Ni nini hiki?"

"Kunywa, mwanangu," mama alisema. "Mumeo ananiambia una upele."

Mkunga alimtazama mama, akamtazama mume, akakitazama kile kitu cheusi kilichoelea juu. Alikuwa mtu wa haki. Akakinywa chote akiwa amesimama, na mumewe akamhesabia kama yeye mkunga anavyowahesabia wazazi wodini: moja, pumua, mbili, pumua.

Siku ya maonyesho ukumbi ulijaa. Mji ulichukua meza sita zilizounganishwa, na barabara zake zilikuwa rangi moja kutoka mwanzo hadi mwisho, majivu matupu. Zile za bati zilikuwa maegesho. Watu waliinama, wakasukuma magari kwa kidole. Hata mkaguzi anayetahini madereva alikuja, mtu mrefu asiyecheka, ambaye wanafunzi wote walimwogopa kuliko malori. Alichukua gari dogo jekundu, akalifikisha kwenye mzunguko, na akiwa anazungumza na mkuu wa shule akaliingiza bila kutazama kulia.

"Breki!" Breki alinguruma.

Mkono wa mkaguzi uliganda hewani. Kisha msusi, aliyekuwa amesimama mstari wa mbele akisubiri zamu yake, akaangua kicheko kirefu na kusema kwa sauti, "Amefeli! Arudi mwezi ujao!" na mkaguzi, ambaye hakuna aliyekuwa amewahi kuyaona meno yake, akayaonyesha. Wiki iliyofuata msusi alifaulu mtihani. Wapo wanaosema ni kwa sababu mkaguzi alikuwa bado anacheka.

Mama Vifungo alirudi kwake macho yakiwa yamepona kabisa, akafungua tena kiduka chake. Alibeba mfuko wa vitofali vya buluu kwenye mkoba wa mkononi na hakukubali uwekwe kwenye buti. Breki na mkewe walikwenda kumtembelea baada ya mwezi au miwili. Walikuta zipu zimening'inia, nyuzi zimepangwa kutoka nyeusi hadi nyeupe bila pengo, na juu ya kaunta, katikati ya visahani vya vifungo, kitu kikubwa cha plastiki kilichopanda juu, kikapinda, kikashuka, kikapanda tena. Milango ilikuwa imelala chali. Mbawa za ndege zilitokeza ubavuni. Mtu mwenye kofia alikuwa amesimamishwa kichwa chini.

Breki alikizunguka mara mbili. Alijitahidi sana.

"Mama, ni nyumba?"

"Sio."

"Meli?"

"Hapana, mwanangu."

"Sasa ni nini?"

Mama alikuwa anampimia mteja utepe, na hakuinua kichwa.

"Ni buluu," alisema.

Breki aliona mlango mmoja umekaa upande. Aliunyoosha kidogo tu, kwa ncha ya kidole, na mama, bila kuacha kupima, akampiga kofi mkononi.